Mkojo wa rangi ya chai siyo "sumu inatoka": ini letu na dawa za miti shamba

TyubuYaTanga (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Uzi huu nimeukalia miezi minne. Nilitaka kwanza nipate ruhusa ya mama yangu mdogo, na juzi kanipa: "Andika mwanangu, ila jina langu usiliweke." Basi naandika.

Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye hospitali moja mkoani Tanga. Siyo daktari na siandikii mtu dawa. Kazi yangu ni kupokea damu yako, kuizungusha kwenye mashine mpaka chembe zitue chini na majimaji yabaki juu, halafu nayapima. Kwa mtu mzima wa afya majimaji hayo yana njano iliyopauka, kama nyasi kavu. Ukikaa miaka kwenye kazi hii macho yanazoea, unaweza kujua mambo mengine kabla mashine haijasoma.

Siku hiyo nilifungua kifuniko nikakuta tyubu kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa kama nyasi kavu. Moja ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyoachwa jikoni ikakolea. Nikaigeuza nisome lebo. Lilikuwa jina la mama mdogo. Hakuwa ameniambia kwamba anaumwa.

ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikifa, ilisoma 1,240. Kawaida ni chini ya 40. Bilirubini, ile rangi ya njano ambayo ini hupaswa kuitoa kwa njia ya nyongo, ilikuwa 212, na kawaida haizidi 21. Nilirudia kipimo mara mbili nikiomba Mungu iwe mashine imekosea.

Nikapanda wodini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nani kakwambia niko huku?" Macho yake yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Daktari alikuwa ameshamuuliza kama anatumia dawa yoyote, kajibu hapana. Homa ya ini A, B na C zote hana. Ultrasaundi haikuona jiwe kwenye nyongo. Pombe hajawahi kuigusa maisha yake yote.

Nikakaa kitandani nikamuuliza kwa namna nyingine: "Mama, kwenye uji siku hizi unachanganya nini?" Akasema, "Aa, ile ya kusafisha ini? Ile siyo dawa, ile ni miti tu."

Hapo ndipo pa kwanza ninapotaka tutulie. Hakumdanganya daktari. Kwake yeye neno "dawa" ni kidonge cha duka la dawa. Wauguzi na madaktari mlioko humu, nawaomba swali hilo mliulize vingine: unakunywa nini cha kuchemsha, cha unga, cha kijiko, cha chupa? Nani amekupa?

Kopo lake nikalifuata nyumbani. Plastiki ya nusu kilo, karatasi ya kijani imebandikwa: mizizi 7, asili tupu, haina madhara. Jina la mti hata mmoja halikuandikwa. Ndani mna unga wa kahawia wenye nyuzinyuzi, unanuka kama gome lililolowa. Alilinunua shilingi 35,000 kupitia kundi la WhatsApp la kina mama wanaochangishana.

Alianza kijiko cha chakula asubuhi na jioni. Wiki nne hakuona kitu. Wiki ya tano uchovu ukamwingia, wa kushindwa kufua. Chakula kikaanza kumnukia vibaya, hata dagaa anaowapenda. Kisha mkojo ukawa mweusi kama chai. Akampigia simu muuzaji. Alijibiwa hivi, namnukuu mama mwenyewe: "Hongera mama, hiyo ni sumu inatoka. Ongeza kijiko cha tatu."

Akaongeza. Siku tisa zaidi.

Ndugu zangu, neno hilo la "sumu inatoka" ndilo limenifanya niandike. Dalili zote za ini linalokufa zinaweza kutafsiriwa kuwa ni uponyaji, mtu akitaka kukuuzia. Kichefuchefu? Tumbo linasafishika. Mkojo mweusi? Uchafu unatoka. Mwili kuwasha? Damu inachujwa. Kukonda? Mafuta yanayeyuka. Kumbe mkojo ni mweusi kwa sababu bilirubini imekosa njia yake ya nyongo, ikarudi kwenye damu, figo zikalazimika kuitoa. Ndiyo maana choo nacho kinaweza kupauka kama udongo mweupe: rangi iliyopaswa kwenda huko imepotea njia. Na kuwasha huko mara nyingi kunatokana na yale yanayopaswa kutoka na nyongo kubaki mwilini.

Na mgonjwa wa aina hii akishafika kwenye manjano, jambo siyo dogo. Daktari Mmarekani aitwaye Hyman Zimmerman aliliona zamani: dawa ikishaua seli za ini kiasi cha mtu kuwa wa njano, takriban mmoja kati ya 10 hufariki. Mpaka leo duniani wanaopima usalama wa dawa mpya wanatumia kanuni yenye jina lake.

Kwa nini ini? Kwa sababu karibu kila unachomeza, kikishavuka ukuta wa utumbo, kinabebwa na mshipa mmoja mkubwa hadi kwenye ini kabla hakijasambaa kwingine. Ini linabadilisha kemia yake ili kiweze kutoka. Wakati mwingine kinachozaliwa katikati ya kazi hiyo ni kikali kuliko kilichoingia. Parasetamoli ndivyo ilivyo. Mtu mzima haruhusiwi kupita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa sababu ini lina akiba ya kuituliza ile sumu ya katikati, na akiba ikiisha seli zinaanza kufa. Hiyo ni dawa ya hospitali, na nimeanza nayo makusudi. Ini haliulizi kama kitu kimetoka kiwandani au porini.

Sasa miti. Kuna kundi la sumu liitwalo alkaloidi za pirolizidini. Zimo kwenye jamii ya Senecio, Heliotropium, na aina nyingi za jamii ya Crotalaria, ambako mmea wetu wa marejea, ule wa kurutubisha shamba, ni mmoja wa ndugu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa sumu kamili, nayo hushambulia utando wa vimishipa vidogo vya ini lenyewe. Vinaziba, damu inakosa pa kupita, tumbo linajaa maji. Madaktari wa Jamaica walilieleza hili mwaka 1954 kwa watoto waliokuwa wakinyweshwa chai ya majani ya porini na mama zao, kwa mapenzi kabisa. Miaka ya 1970 Afghanistan, mkoa wa Herat, ngano ilichanganyika na mbegu za Heliotropium, vijiji vikajaa watu wenye matumbo ya maji. Na Tigray, Ethiopia, kuanzia 2001 watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ini usiojulikana, na uchunguzi ukafika kwenye nafaka iliyochanganyika na Ageratum conyzoides, gugu lile lenye vishada vidogo vya zambarau linaloota hata mashambani kwetu.

Mfano wa Afrika Kusini ndio unaoniuma zaidi. Wazulu wana mzizi uitwao impila, kisayansi Callilepis laureola. Neno lenyewe kwao ni afya. Ndani yake mna atraktilosidi, inayofunga mlango ambao seli hutumia kupitisha nishati. Sukari ya mtoto inaporomoka, anapata degedege, ini na figo vinakufa pamoja. Wodi za Natal zimezika watoto wengi kwa mzizi wenye jina hilo.

Naomba mniulize, nitajibu ninachokijua.

Mshambaa_wa_Lushoto

Dada mleta uzi, pole sana kwa mama mdogo. Ila nami nina la kusema kwa heshima zote.

Babu yangu alikuwa mganga Usambara zaidi ya miaka 50. Sikumbuki hata siku moja amempa mtu kopo la nusu kilo aende nalo. Mgonjwa alikuja, babu anamwangalia macho, ulimi, anamuuliza amekula nini, halafu anakwenda mwenyewe kuchimba. Dawa inachemshwa pale, unakunywa siku tatu, unarudi. Mjamzito alikuwa hampi baadhi ya mizizi kabisa. Kuna mti alikuwa anachukua upande wa gome linalopigwa na jua la asubuhi tu, sisi watoto tulidhani ni ushirikina. Sasa ukituweka kapu moja na mtu wa WhatsApp, unamwonea babu.

TyubuYaTanga

Ndugu yangu Mshambaa, asante, na nakubali karibu yote. Mzee wako alikuwa na vitu vitatu ambavyo lile kopo halina. Aliujua mti, alikijua kipimo, na mgonjwa alimrudia siku ya nne. Kama macho yangekuwa ya njano angeyaona.

Tanzania tuna sheria tangu 2002, Sheria namba 23 ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muhimbili wana taasisi nzima ya tiba asili, ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Kwa hiyo nchi hii haijadharau miti. Ninachokataa ni unga usio na jina.

Ila kuna jambo moja sitakubaliana na wazee, mtanisamehe. Mganga anaona vizuri sana kinachotokea ndani ya siku tatu. Ini linaweza kuumia wiki ya sita, au mwezi wa tatu, mgonjwa akiwa ameshasahau alikunywa nini. Anaenda kwa mwingine, au hospitali, au anafia kwao, na mganga wa kwanza hapati habari. Mtu anaweza kutoa dawa miaka 50 akasema kwa moyo safi kwamba haijawahi kumdhuru mtu.

Na sehemu ya mti nayo ni habari nyingine. Chukua mwingajini, unaota kila kiwanja kisicho na mwenyewe. Majani na mizizi yake inatumika sana pwani. Lakini huko magharibi mwa Uttar Pradesh, India, watoto wadogo waliokula mbegu zake wakicheza waliugua ini, misuli na ubongo kwa mpigo, na wengi walifariki. Miaka mingi ugonjwa huo ulidhaniwa ni wa virusi mpaka madaktari walipouliza watoto walikuwa wanacheza wapi. Ukishasaga mti mzima ukawa unga, nani anajua mbegu zilikuwemo au hazikuwemo?

MamaNasra

Jamani nimesoma mwili wote umesisimka. Mtoto wangu ana miezi mitano, mama mkwe anampa mafuta ya mwarobaini matone, mara nyingine kijiko cha chai, akisema ni ya chango na minyoo. Mwarobaini si ndio unatibu magonjwa arobaini? Nimwambieje mama mkwe?

TyubuYaTanga

MamaNasra, acheni leo. Kwa hili sina haja ya kuzungukazunguka.

Mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa mtoto mchanga ni hatari inayojulikana. Malaysia mwaka 1981 walieleza watoto walionyweshwa mafuta hayo na familia zao: ndani ya saa chache wanatapika, wanasinzia, damu inajaa asidi, degedege, na ini linajaa mafuta. Wengine walikufa. India pia imetokea. Majani ya kuogea mtoto mwenye upele ni habari tofauti kabisa na mafuta ya kumeza.

Mama mkwe usimwendee kwa ubishi. Mwambie, "Mama, kliniki wamesema mtoto wa umri huu asipewe kitu kingine zaidi ya ziwa, hata maji." Na kweli ndivyo kliniki wanavyosema, miezi sita ya kwanza maziwa ya mama tu. Atakuelewa, na heshima yake inabaki. Mtoto yukoje sasa hivi? Ananyonya? Kama amelegea, anatapika au hataki ziwa, usingoje kujibu hapa, mpeleke.

MamaNasra

Ananyonya vizuri, anacheka. Chupa nimeishaificha. Allah akulipe.

Mkimbizi_wa_Baridi

Salamu kutoka Hamburg. Naomba kuongezea upande wa huku, maana watu nyumbani wanadhani cha Ulaya kwenye chupa nzuri ndio salama. Mke wangu alikuwa anameza vidonge vya manjano vyenye pilipili manga kwa ajili ya magoti. Vipimo vyake vya ini vikapanda, daktari akamwachisha, vikashuka. Mimi nilishangaa sana, manjano si tunaweka kwenye pilau na mchuzi toka utotoni?

TyubuYaTanga

Mkuu, umeleta jambo ambalo ningelisahau, na ni la muhimu.

Manjano ya kwenye mchuzi mwili unayafyonza kidogo sana. Ndiyo maana wenye viwanda wakaongeza dondoo ya pilipili manga, piperini. Utafiti mmoja wa 1998 ulionyesha piperini inapandisha kiasi kinachoingia kwenye damu mara 20. Sasa fikiria, mwili uliokuwa unagonga mlango unazuia, umevunjiwa mlango. Italia mwaka 2019 walipata wagonjwa kadhaa wa ini kutokana na vidonge vya manjano. Marekani nao waliona vilevile, na wengi wa walioumia walikutwa na alama moja ya kurithi kwenye kinga ya mwili, inayoitwa HLA-B*35:01. Mwenye alama hiyo anaweza kuumia kwa kile kile ambacho jirani yake anameza miaka kumi bila shida.

Chai ya kijani ni hivyo hivyo. Ukinywa kikombe baada ya chakula hakuna ubaya. Ila vidonge vya dondoo la chai ya kijani vya kupunguza mwili, wakala wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya alisema mwaka 2018 kwamba miligramu 800 kwa siku za kemikali yake kuu, EGCG, zinaanza kupandisha vimeng'enya vya ini. Ufaransa mwaka 1992 waliondoa sokoni ua liitwalo germander, nalo lilikuwa la kupunguza mwili, baada ya watu kupata homa ya ini. Ujerumani ulipo wewe walipiga marufuku kava, mzizi wa kutuliza wasiwasi, mwaka 2002, ingawa mahakama ilikuja kulitengua baadaye.

Kwa wale wanaosema "mbona huko kwa wenzetu hakuna shida": Marekani wana mtandao wa hospitali unaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa. Ulipoanza 2004, virutubisho na mitishamba vilikuwa asilimia 7 ya wagonjwa wao. Ilipofika 2013 vilikuwa asilimia 20.

Tofauti ya jikoni na dondoo naomba kila mtu aishike. Bibi alichemsha majani kiganja kimoja kwenye sufuria ya maji. Dondoo ni gunia la majani lililokamuliwa, wakati mwingine kwa spiriti, likawekwa kwenye kidonge kimoja. Tukisema "hata mababu walikunywa", mababu hawakunywa hiki.

Muthomi_Maua

Habari madam, niko Maua, Meru. Miraa nayo iko kwa hiyo orodha ama? Hii ndiyo inatulisha, tafadhali sema ukweli.

TyubuYaTanga

Karibu kaka. Nitasema nilichosoma, bila kuharibu riziki ya mtu.

Uingereza, kabla hawajaipiga marufuku mwaka 2014, madaktari wa London waliandika juu ya vijana waliokuwa wakitafuna miraa nyingi kila siku, waliokuja na homa ya ini ambayo haikuwa ya virusi wala pombe. Waliacha wakapona, baadhi wakarudia, ini likarudia. Kurudiwa huko ndiko kunamfanya daktari aamini kwamba chanzo ni kile. Siyo kila mtafunaji. Ila ukiona macho yamegeuka njano, usitafune hata kijiti kimoja tena, maana mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Hilo ni kwa dawa yoyote iliyowahi kukuumiza ini.

Kijana_wa_Dozi

Dada mimi niko kwenye dozi ya TB, mwezi wa pili sasa. Jirani ameniletea unga wa mlonge na shubiri nipate nguvu. Muuguzi wa kliniki mkali, naogopa kumwambia.

TyubuYaTanga

Mdogo wangu, mwambie hata kama atakugombeza. Rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi, tatu katika dawa zako nne, zote zinaweza kulichosha ini. Ndiyo maana wanakuuliza kuhusu kichefuchefu na macho. Ukiongeza kitu juu yake halafu ini likaumia, daktari atalazimika kusimamisha dozi nzima asijue mkosaji ni nani, na wewe TB itakuwa inapumua tena. Shubiri ya kunywa imeshawahi kuleta homa ya ini kwa baadhi ya watu. Mlonge siujui kwa ubaya huo, majani yake wengi wanayala kama mboga, ila mboga kwenye sahani ni moja na vijiko vya unga kila siku ni kingine. Nguvu kula mayai, maharage, dagaa.

Na wanaotumia ARV vilevile. Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa 2012 ulipima maini ya watu wanaoishi na VVU, ukakuta makovu ya ini zaidi kwa wale waliokuwa wakitumia miti shamba. Wenye homa ya ini B ndio kabisa, ini lao tayari lina vita, na ndio hasa wanaofuatwa na wauza "dawa ya kufuta hepataitisi".

Fundi_Bomba

Mleta uzi, na zile za nguvu za kiume na za maumivu ya mgongo? Rafiki yangu alitumia ya mgongo, siku ya kwanza tu maumivu yakakata. Miti gani inafanya kazi haraka hivyo?

TyubuYaTanga

Swali lako lina jibu lake ndani, kaka. Mti ukikata maumivu ya miaka mitatu ndani ya nusu saa, jiulize kuna nini humo. Nchi nyingi mamlaka za dawa zimekuta "dawa za asili" za maumivu zimetiwa dawa za hospitali kama diklofenaki, deksamethasoni au parasetamoli, na za nguvu za kiume zimetiwa sildenafili. Mtu anameza unga wenye parasetamoli asiyoijua, usiku anaongeza vidonge vyake vya kichwa, ini linapata mara mbili.

Na ukungu nao msiusahau. Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui, mahindi yaliyoota ukungu wa sumukuvu yaliumiza watu 317, wakafariki 125. Mizizi iliyoanikwa chini siku za mvua ikasagwa inaweza kubeba ukungu ule ule.

DadaWaPangani

Mama mdogo anaendeleaje? Hujamalizia.

TyubuYaTanga

Samahani, nilitekwa na maswali.

Alilazwa siku 11. Hakuna dawa ya ajabu aliyopewa, ieleweke hivyo. Kikubwa kilikuwa ni kuacha ule unga na kumwangalia: damu yake inaganda vizuri, akili yake iko sawa. Daktari alikuwa anamuuliza kila asubuhi leo ni siku gani. Siku ya tatu akasema ni Jumapili, na ilikuwa Jumatano. Usiku ule sitausahau. Ini likishindwa, amonia inapanda kichwani, mtu anaanza kuchanganyikiwa, na kubadilishiwa ini ni safari ya India kwa mwenye uwezo. Sisi uwezo huo hatuna. Nilikaa naye mpaka alfajiri namuuliza majina ya wajukuu mmoja mmoja. Alipokosea jina la Zuhura nilitoka nje nikalia.

Asubuhi akalitaja sawa.

ALT yake nilikuwa naipima mwenyewe. 1,240. Wiki iliyofuata 870. Kisha 390. Wiki ya sita 118. Wiki ya kumi 37. Majimaji ya tyubu yake sasa yana rangi ya nyasi kavu, na nimeichukua picha ya tyubu hiyo nikaiweka kwenye simu yangu.

Namba ya muuzaji haipatikani tena. Kopo tumelipeleka kunakohusika lipimwe, na kina mama wa lile kundi wengine wanne waliokuwa wanakunywa nimewaomba waje kupima. Watatu wamekuja. Mmoja wao ALT yake ni 260 na hana dalili yoyote, anafua, anauza vitumbua. Ameacha.

Kapuku_Mkweli

Dada uko hewani? Nimesoma huu uzi mara mbili nikamwita mke wangu. Baba mkwe anakunywa dawa ya kisukari ya chupa, ya kahawia, mwezi wa pili huu. Tangu juzi mkojo wake ni kama kahawa, na leo mchana amelala tu, hataki kula. Aliyemuuzia kasema ni sukari inatoka kwenye damu. Tulikuwa tumepanga kumpeleka Jumatatu.

TyubuYaTanga

Niko hewani. Usingoje Jumatatu, mpeleke sasa hivi, hospitali yenye maabara na siyo duka la dawa. Chukueni chupa yenyewe na karatasi yake, na vidonge vyake vyote vya sukari na presha hata vilivyoisha. Mkifika msiseme "anaumwa tumbo". Semeni: anakunywa dawa ya miti shamba miezi miwili, mkojo umekuwa mweusi, leo amesinzia. Sukari yake ipimwe hapo hapo mlangoni. Asipewe kitu kingine chochote njiani.

Anawajibu mkimsemesha? Anajua yuko wapi?

Kapuku_Mkweli

Anajibu ila polepole. Anamwita mke wangu kwa jina la dada yake. Bajaji imefika.

TyubuYaTanga

Mwambieni daktari hilo la majina, ni muhimu kuliko yote uliyoandika. Nipo hapa.

Kapuku_Mkweli

Tumefika. Wamemchukua damu na wamesoma chupa. Nesi ametuuliza ni kijiko cha aina gani alikuwa anatumia. Mke wangu amerudi nyumbani kukichukua.